Mkimbiaji wa nafasi ya nne: Kazi ya mwanariadha wa kulipwa kutoka Ukambani

Mji wa Wamunyu, ulio kando ya barabara itokayo Machakos kuelekea Kitui, unajulikana ulimwenguni kwa vinyago. Ufundi huo uliletwa na Mutisya Munge, mwenyeji wa Wamunyu aliyejifunza uchongaji Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na kurudi nao nyumbani. Tangu hapo twiga, vifaru, sinia na miiko ya mpingo na muhugu imechongwa na mikono ya Wakamba, na kununuliwa na watu ambao mchongaji hatawaona maishani mwake.

Ukambani una kazi nyingine ya namna hiyo, ambayo mtaji wake ni mwili na soko lake liko ng'ambo. Ni mbio za barabarani. Kwa zaidi ya miaka 40, vijana kutoka Machakos, Kitui na Makueni wamekuwa wakisafiri kwenda Chicago, Boston, Honolulu, Newcastle, Rotterdam na Prague kukimbia kwa malipo. Wachache kati yao walipata sifa kubwa. Wengi waliifanya kwa miaka kumi au kumi na mitano, wakashinda hapa, wakashindwa pale, kisha wakarejea nyumbani bila kelele. Makala haya yanaieleza kazi yao: jinsi inavyoanza, inavyolipwa, na inavyomalizika.

Fundi wa kuhamahama

Kila mchezo wa kulipwa una watu wa aina hii. Katika besiboli, mchezo unaopendwa sana Marekani, yupo mchezaji ambaye hutumia miaka mingi katika ligi ndogo, akahamishwa kutoka timu hadi timu, akaitwa ligi kuu kwa wiki chache na kurudishwa chini tena. Si mchezaji hafifu, kwani asiyejua kazi hafiki hapo. Lakini si nyota, na mkataba wake daima ni mfupi kuliko haja zake.

Mfano wa Kiafrika ni Gift Ngoepe wa Afrika Kusini. Alisajiliwa na klabu ya Pittsburgh Pirates mwaka 2008, akakaa katika ligi ndogo kwa takriban miaka tisa, na tarehe 26 Aprili 2017 akawa mchezaji wa kwanza mzaliwa wa Afrika kucheza katika ligi kuu ya Marekani. Aliupiga vyema mpira katika zamu yake ya kwanza. Hata hivyo, kabla ya mwaka huo kwisha alikuwa amehamishiwa Toronto Blue Jays, na baada ya michezo michache mwaka 2018 mlango wa ligi kuu ukafungwa. Katika Afrika Mashariki, Waganda wawili, Umar Male na Ben Serunkuma, walitia saini mikataba na Los Angeles Dodgers mwaka 2022, wakaanza kupanda ngazi iyo hiyo kutoka chini kabisa.

Kenya haina ligi ya kulipwa ya besiboli. Fundi wetu wa kuhamahama ni mkimbiaji wa barabarani. Yeye hana hata klabu ya kumhamisha. Hujihamisha mwenyewe, mbio baada ya mbio, mji baada ya mji. Mshahara wa mwezi hana, isipokuwa ameajiriwa na jeshi, polisi au shirika la umma. Akiugua, halipwi.

Waliotangulia

Mmoja wa waliofungua njia ni Joseph Nzau. Kama Wakenya wengi wa kizazi chake, alipitia chuo kikuu cha Marekani, naye alisoma Wyoming. Mwaka 1983 alishinda marathoni ya Chicago kwa kumpita Mwingereza Hugh Jones kwa muda usiofika sekunde moja, baada ya wawili hao kukimbia zaidi ya saa mbili. Mwaka uliofuata alimaliza wa saba katika marathoni ya Olimpiki ya Los Angeles.

Wakati huo fedha ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia waziwazi katika riadha. Kwa miongo mingi kanuni zilimtaka mwanariadha awe mtu wa ridhaa, na aliyepokea malipo alihatarisha haki ya kushiriki Olimpiki. Kanuni hizo zilianza kulegezwa mapema miaka ya 1980. Mbio za Boston, ambazo zilianza mwaka 1897, zilitoa zawadi ya fedha kwa mara ya kwanza mwaka 1986. Kuanzia hapo kijana wa Kitui angeweza kufikiria mbio kama kazi, wala si tikiti ya masomo tu.

Benson Masya wa Kitui alikuwa miongoni mwa waliofaidi mabadiliko hayo. Alianzia katika ndondi kabla ya kugeukia barabara. Mwaka 1992 alitwaa taji la kwanza kabisa la dunia la nusu marathoni, mjini Newcastle, Uingereza, kwa dakika 60 na sekunde 24. Aliishinda Great North Run mara nne, katika miaka ya 1991, 1992, 1994 na 1996, na marathoni ya Honolulu mara tatu. Alifariki dunia Septemba 2003, akiwa na umri wa miaka 33 tu.

Cosmas Ndeti wa Machakos alishinda Boston mara tatu mfululizo, 1993, 1994 na 1995. Muda wake wa mwaka 1994, saa 2, dakika 7 na sekunde 15, ulibaki rekodi ya Boston kwa miaka 12. Robert Cheruiyot alipoivunja mwaka 2006, aliivunja kwa sekunde moja.

Hao walikuwa nyota. Nyuma yao walifuata watu wawili ambao maisha yao yanaieleza vizuri zaidi kazi ya fundi wa kawaida: Jimmy Muindi na Patrick Ivuti.

Muindi na kisiwa chake

Marathoni ya Honolulu, katika visiwa vya Hawaii, hufanyika kila Desemba tangu mwaka 1973. Huanza alfajiri na mapema, giza likiwa bado limetanda, kwa sababu jua likichomoza joto na unyevu huwa adha kubwa. Njia yake ina mwinuko wa Diamond Head, ambao wakimbiaji huupanda wakienda na kuupanda tena wakirudi. Hakuna anayekwenda Honolulu kutafuta rekodi ya dunia. Huko huenda mtu anayejua kuvumilia, kupima nguvu zake na kuusoma upepo.

Muindi alikuwa mtu huyo. Alishinda mwaka 1999 na 2000, kisha 2003, 2004 na 2005. Mpinzani wake mkubwa alikuwa Mkenya mwenzake, Mbarak Hussein, ndugu wa Ibrahim Hussein aliyeshinda huko mara tatu mfululizo kati ya mwaka 1985 na 1987. Mbarak alishinda mwaka 1998, 2001 na 2002. Kwa maneno mengine, kwa miaka minane mfululizo, kuanzia 1998 hadi 2005, taji la Honolulu halikutoka mikononi mwa watu wawili.

Muda wa Muindi wa mwaka 2004, saa 2, dakika 11 na sekunde 12, ulikuwa rekodi ya mbio hizo hadi mwaka 2016, Lawrence Cherono alipokimbia kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 39. Rekodi ya Muindi nayo ilidumu miaka 12, sawasawa na ile ya Ndeti kule Boston.

Ushindi wake wa sita ulikuja kwa njia isiyo ya furaha. Mwaka 2007 aliyekata utepe alikuwa Ambesse Tolosa wa Ethiopia, na Muindi akamaliza wa pili. Baadaye Tolosa alipatikana na dawa iliyopigwa marufuku, akanyang'anywa ushindi, na Muindi akatangazwa bingwa. Katika vitabu ushindi huo unahesabika sawa na mingine. Lakini utepe, picha za magazetini na shangwe za asubuhi ile zilikuwa zimekwisha kumwendea mtu mwingine, na vitu hivyo havirudishwi kwa barua. Ndiyo sababu swali la dawa za kututumua misuli si la maadili matupu kwa mkimbiaji wa kawaida. Ni swali la mkate wake.

Nje ya Honolulu, siku kubwa ya Muindi ilikuwa Aprili 2005 mjini Rotterdam, Uholanzi, aliposhinda kwa saa 2, dakika 7 na sekunde 50. Hata hivyo jina lake halikuvuma nchini Kenya kama lilivyovuma kisiwani.

Ivuti, kati ya nne na kwanza

Patrick Mutuku Ivuti alikuwa na umri wa miaka 22 alipopanga mstari katika fainali ya mita 10,000 ya Olimpiki ya Sydney, Septemba 2000. Wapenzi wa riadha wanaikumbuka fainali hiyo kwa vita vya Haile Gebrselassie na Paul Tergat, ambayo Mwethiopia alishinda kwa sekunde 0.09. Wachache wanakumbuka waliokuwa nyuma yao. Assefa Mezgebu wa Ethiopia alitwaa shaba kwa dakika 27 na sekunde 19.75. Ivuti alifika wa nne kwa dakika 27 na sekunde 20.44. Alikosa medali ya Olimpiki kwa muda usiofika sekunde moja.

Nafasi ya nne ni mahali pagumu. Mtu wa nne amekimbia karibu sawasawa na wa tatu, lakini hapandi jukwaani, na wimbo wa taifa haumhusu. Kwa mkimbiaji wa kulipwa tofauti hiyo pia hupimwa kwa fedha, kwa kuwa mwenye medali hulipwa ili ajitokeze katika mbio, na asiye nayo huomba nafasi.

Mwaka 2003 Ivuti alipata fedha katika mashindano ya dunia ya mbio za nyika nchini Uswisi, nyuma ya Kenenisa Bekele. Mwaka 2005 alihamia marathoni, akamaliza wa tano mjini Chicago kwa saa 2, dakika 7 na sekunde 46.

Kisha ikaja tarehe 7 Oktoba 2007, Chicago. Siku hiyo joto lilipanda kupita kiasi, likafika nyuzi 31 za Selsiasi. Maji yalipungua vituoni, mamia ya washiriki walihitaji matibabu, mmoja akafariki, na waandalizi wakalazimika kusimamisha mbio kabla maelfu hawajamaliza. Mbele, Ivuti na Jaouad Gharib wa Morocco, bingwa wa dunia wa mwaka 2003 na 2005, walifika mstarini bega kwa bega. Wote waliandikiwa muda mmoja: saa 2, dakika 11 na sekunde 11. Waamuzi walimpa Ivuti ushindi kwa tofauti ya sekunde 0.05.

Ukilinganisha namba hizi mbili, utaielewa kazi nzima. Kule Sydney zaidi kidogo ya nusu sekunde ilimnyima Ivuti jukwaa. Kule Chicago mia tano za sekunde, chini ya muda wa kupepesa jicho, zilimpa ushindi mkubwa kuliko wote aliopata barabarani. Baada ya hapo alishinda Honolulu mwaka 2008 na 2009, na Prague mwaka 2009 kwa saa 2, dakika 7 na sekunde 48.

Fedha inavyogawanyika

Msomaji akisikia kwamba mkimbiaji amejinyakulia kitita cha dola, hudhani fedha zote zimeingia mfukoni. Tuseme mtu ameshinda zawadi ya dola 40,000 nchini Marekani. Serikali ya nchi hiyo kwa kawaida hukata asilimia 30 kwa mgeni asiye mkazi, yaani dola 12,000. Wakala, ambaye ndiye aliyemtafutia mwaliko, viza na tikiti, kwa desturi huchukua asilimia 15, yaani dola 6,000. Zimebaki dola 22,000. Humo humo kuna kocha, wenzake wa mazoezini waliomsukuma kwa miezi minne, chakula na kodi ya nyumba kambini, na jamaa wanaongoja karo. Tena fedha zenyewe mara nyingi haziji siku ya mbio. Hungoja majibu ya vipimo vya dawa, na huenda zikachukua miezi.

Hayo ni ya mshindi. Wa nne au wa tano hupata sehemu ndogo tu ya zawadi hiyo, ilhali mazoezi yake yalikuwa yale yale. Na mwili hauruhusu kurudia kila mwezi. Marathoni ya kilomita 42.195 huhitaji miezi mitatu au minne ya maandalizi, na wiki kadhaa za kupona. Mkimbiaji mwenye busara hukimbia marathoni mbili kwa mwaka, pengine tatu. Kwa miaka kumi ni mbio 20 hivi. Akiumia kano la kisigino na kukaa nje miaka miwili, moja kwa tano ya maisha yake ya kazi imepotea.

Kuna kazi nyingine ndani ya kazi hii, nayo ni ya mwongoza kasi, ambaye wakimbiaji humwita sungura. Huyu hulipwa kuongoza hadi kilomita 25 au 30 kwa kasi aliyopewa, kisha ajitoe. Jina lake halimo katika matokeo. Lakini hakatazwi kumaliza. Paul Pilkington wa Marekani aliajiriwa kama sungura Los Angeles mwaka 1994, akaendelea, akashinda. Mkenya Simon Biwott alifanya hivyo hivyo Berlin mwaka 2000. Mifano hiyo miwili hukumbukwa kwa sababu ni nadra.

Hata mwenye rekodi

Mtu anaweza kudhani kwamba dawa ya mashaka haya ni kukimbia kasi zaidi. Maisha ya Patrick Makau, mwenyeji wa sehemu za Tala, Machakos, yanaonyesha kwamba kasi peke yake haitoshi. Tarehe 25 Septemba 2011 mjini Berlin, Makau alikimbia kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 38, akavunja rekodi ya dunia ya Haile Gebrselassie. Miezi saba baadaye, Aprili 2012, hakumaliza marathoni ya London, na Kenya ilipotaja watu wake watatu wa Olimpiki ya mwaka huo, mwenye rekodi ya dunia hakuwamo.

Makau alirudi kazini kama fundi yeyote. Oktoba 2012 alishinda Frankfurt. Septemba 2013 Wilson Kipsang alimpokonya rekodi, Berlin kwenyewe. Baada ya majeraha alishinda Fukuoka, Japani, mwaka 2014 na 2015. Kati ya rekodi ya dunia na kuanza upya kulikuwa na miezi michache tu.

Hapa pana somo kwa Kenya nzima. Taifa lina wakimbiaji wengi mno wa kiwango cha juu kuliko nafasi tatu za timu. Mtu ambaye angekuwa bingwa wa taifa lake kwingineko, hapa ni wa kumi na tano. Ndiyo maana wengine wamechukua uraia wa nchi nyingine, na ndiyo maana wengi zaidi huishi kwa kuzunguka katika mbio za miji ambayo watu wa nyumbani hawajawahi kuisikia.

Baada ya miguu kuchoka

Maisha ya kazi hii ni mafupi, na ya baadaye ni marefu. Anayestaafu akiwa na miaka 37 huwa bado ana miongo mitatu ya kulisha nyumba. Wahenga walisema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Na ngama ya mkimbiaji ni shamba lake. Aliyenunua ardhi mapema, akajenga nyumba za kupangisha au akachimba kisima katika nchi hii kavu, huweza kukaa kwa heshima. Aliyedhani kwamba Desemba ya Honolulu itarudi kila mwaka huzinduka siku ambayo wakala hapigi simu tena.

Wachongaji wa Wamunyu walikwisha kujifunza jambo kama hilo. Muhugu na mpingo vilipoanza kuadimika kwa kukatwa kupita kiasi, walilazimika kugeukia mwarobaini na mwembe, miti inayoota upesi. Aidha, walijiunga katika chama cha ushirika, kwa kutambua kwamba mchongaji mmoja akikabiliana na mnunuzi wa ng'ambo peke yake, bei huamuliwa na mnunuzi.

Wakimbiaji wa kulipwa kwa kawaida hawana ushirika wa namna hiyo. Kila mmoja ana wakala wake, mkataba wake wa viatu na siri yake ya malipo. Wanalala kambi moja na kukimbia njia moja alfajiri, lakini sokoni kila mtu huenda peke yake. Nyota hahitaji ushirika, kwa kuwa jina lake linamtosha. Anayeuhitaji ni yule aliyemaliza wa nne, aliye na muda mzuri na jina dogo, ambaye nauli ya mbio zijazo inategemea zawadi ambayo bado haijatumwa.